Sebule Nyeusi ya Baba

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa nakunja mapazia sokoni, na hakusalimia. Alisema baba kapaka nyumba nyeusi. Si nje, ndani, ukuta mzima kuanzia sakafuni mpaka darini. Aliyempa habari ni mtu wa Muyinga aliyekwenda Gishubi, anakolima kaka, kutafuta mbegu za viazi. Huyo mtu aliwahi kupita kumsalimia mzee, akakaribishwa kiti, na alipotoka nje alijiona kama ametoka shimoni. Nikamwambia kaka arudie. Akarudia, tena kwa sauti ya mtu anayefurahia kidogo kuwa wa kwanza na habari mbaya.

Mimi nauza mapazia ya mtumba hapa Gitega, sisi tunaita caguwa, yale yanayokuja kwenye marobota yakiwa na mikunjo na harufu ya stoo. Kazi hii imenifundisha jambo moja ambalo hakuna wa kunibishia: rangi ya nyumba haichaguliwi na mwanaume. Mwanaume akija peke yake mezani kwangu anashika pazia la kwanza, analipa, anaondoka. Ukiona anauliza kama lipo jeupe zaidi, kama hili litaendana na ukuta, ujue kuna mwanamke amemtuma na anamsubiri nyumbani. Kwa hiyo kaka hajamaliza hata kusema, mimi nilishaona sketi.

Na mama alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Kwetu msiba hauishi siku ya mazishi, unaisha siku ya kuganduka. Siku hiyo ukoo unakusanyika, watu wanakula na kunywa pamoja, nguo nyeusi zinavuliwa, na mgane akitaka kuoa tena hakuna wa kumuuliza. Kabla ya hapo, katika familia yetu, nyumba ya marehemu hairembwi. Paa likivuja unaziba, basi. Kupaka rangi mpya ni kumtangazia kila apitaye njiani kwamba kuna bibi arusi anakuja. Na wajomba zangu wa Gasorwe, ndugu za mama, ni watu wa kususa. Wakisikia harufu ya rangi hawakanyagi.

Kaka hakutaka hata tubishane. Tangu siku ya mazishi alikuwa anasema baba asiachwe peke yake, aletwe Gitega akae kwangu, ile nyumba ya Muyinga tuweke wapangaji. Baba alikataa mbele ya watu wote. Alisema nyumba ile aliijenga na mama, na atatoka humo kwa kubebwa. Mimi nilisimama upande wake, kaka akanuna. Sasa alikuwa ameshika mpini. Tukakubaliana niende nikaangalie kwa macho yangu, na neno langu ndilo litakaloamua. "Ukikuta mambo si mambo, nipigie," alisema. "Nitatafuta gari, nije tumfungashe."

Esansi ya magari ilikuwa ya shida kama kawaida, kwa hiyo nilifika Muyinga mchana umeshapinda, nikiwa na hasira iliyopata muda wa kutosha kuiva. Nilivaa nyeusi: gauni jeusi, sweta nyeusi, kitambaa cheusi kichwani. Wenzangu, kaka akiwemo, walishaanza kuvaa wanavyotaka, nyeusi wanaikumbuka siku za ibada tu. Mimi niliapa sivui mpaka kuganduka, na nikiapa nimeapa. Hata pale sokoni walishanizoea, wakawa wananiita sista.

Nje nyumba ilikuwa vile vile. Juu chokaa nyeupe, chini ule mkanda wa rangi ya udongo ambao kila mtu anapaka ili matope ya mvua yasionekane. Kwetu rangi nzito kazi yake ni hiyo, kuficha uchafu, na inaishia magotini, ikizidi sana kiunoni. Mtu akiipandisha mpaka darini, lazima ujiulize anaficha nini.

Niligonga kidogo nikasukuma mlango. Baba alikuwa kwenye kiti chake, uso kauelekeza mlangoni. "Nani?" aliuliza. Nikasema ni mimi. Akasimama upesi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema karibu, karibu mwanangu, mbona hukusema unakuja. Alifurahi, siwezi kumsingizia. Lakini ile "nani" ilishanikaa moyoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, saa tisa mchana, jua linawaka nyuma yangu, halafu baba mzazi ananiuliza nani. Nilijua alikuwa anamsubiri mtu mwingine.

Macho yalipozoea giza nikaona. Haikuwa nyeusi, ilikuwa bluu nzito, ile inayokaribia nyeusi, rangi ya mafuta isiyong'aa. Kuta zote nne. Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tuliishi kwenye nyumba ya udongo miaka mingi, na mama alikuwa akisema siku Mungu akimpa ukuta ulio wake, utakuwa mweupe. Tuliporudi Burundi na nyumba hii ikasimama, alipaka chokaa mwenyewe, na kila mwaka kabla ya Krismasi alirudia, amefunga kanga kichwani, matone meupe mpaka kwenye kope. Sasa hakuna hata alama ya mkono wake. Nilitaka kulia, halafu nikaona nikilia nitashindwa kuchunguza, nikajikausha.

Kwa maana kulikuwa na vya kuchunguza. Milango na fremu zake zilikuwa nyeupe pee. Swichi ya taa imezungushiwa mraba mweupe uliopigwa kwa rula. Viti vyetu vya siku zote vilikuwa na mito mipya, myeupe, imeshonwa kingo kwa mkono unaojua kazi. Meza imepakwa nyeusi, na juu yake vikombe vyeupe vya bati, vipya, vimepangwa upande mmoja. Na lazima niseme: ilipendeza. Hilo ndilo lililonichoma. Mimi najua kazi ya mtu mwenye jicho, na baba hajawahi kuwa nalo, baba ni mtu wa kuvaa soksi mbili tofauti akaenda nazo kanisani.

Nikakaa, mgongo ukutani, nikamuuliza nani kapaka. Fundi, alisema. Nani kachagua? Yeye mwenyewe. Kwa nini? Akafikiri kidogo, akasema alichoka na nyeupe. Alisema hivyo hivyo, alichoka na nyeupe, nyeupe ya mama. Na alipokuwa anasema hakuniangalia mimi. Aliangalia mto uliokuwa kwenye kiti cha pembeni yangu, akaongea nao kwa upole kabisa, kama ndio mimi.

Hapo machale yakanicheza. Mtu mwenye hatia hakutazami usoni, na aliyenifundisha hivyo ni yeye. Baba alikuwa mwalimu wetu kambini, darasa la miti na turubai, ubao ni mbao tatu zilizopigiliwa misumari na kupakwa unga wa betri kuukuu. Chaki ikiibwa hakupiga mtu. Alitusimamisha wote mstarini, akatuambia tumwangalie machoni, na mwizi akajulikana. Sasa mwalimu yule yule alikuwa anaongea na mto.

Nikaamua kukaa siku chache, nikamwambia nimechoka na soko. Kazi yangu ikawa kupiga jicho. Nyuma ya nyumba, njia ya kwenda chooni ilikuwa imepangiwa mawe pande zote mbili, yamepakwa nyeupe. Ngazi ya mlango wa jikoni, ukingo wake umepigwa mstari mweupe. Baba, ambaye mvua ikilowesha ukuta wa jikoni alikuwa akisema utakauka wenyewe, sasa anapaka mawe ya choo kama hoteli. Nilijisemea, huyo mwanamke ana makuu.

Kula nako kulibadilika. Baba ni mtu wa maziwa tangu nimjue, lakini sasa anakunywa chai ya rangi, na lazima iwe kwenye kikombe cheupe. Nilimmiminia maziwa siku ya kwanza, akaingiza kidole kikombeni, akakisogeza pembeni, akasema tumbo. Nikampikia ugali, nikampakulia kwenye sahani nyeupe. Akaupapasa pembeni pembeni, akachota hewa mara moja, mbili, akasema ameshiba. Siku ya pili nikampa maharage kwenye sahani ile ile, akala yote. Nikasema sawa, kumbe ugali wangu umeshapata wa kushindana naye. Iliniuma kweli, maana ugali huo nilifundishwa na mama.

Na nikikaa kimya sebuleni, baba alikuwa akinipita kama sipo. Anaingia, anakwenda kitini kwake, anakaa, hasemi neno. Nikikohoa anashtuka, anasema, "Aa, upo," halafu anaanza mazungumzo ya mvua. Nikasema hii ni dharau, au ananikwepa. Nikauchuna na mimi, ili nione nani atachoka mwanzo.

Mwanamke mwenyewe sikumtafuta, alikuja kwa miguu yake. Ng'ambo ya njia kuna kibanda cha cherehani cha mama mmoja wa makamo, mjane, Mwislamu wa familia za zamani za pale mjini, watu wa biashara na ushonaji. Mama yangu alikuwa anamfahamu, alikuwa akimpelekea nguo za kwaya. Huyo mama alikuja asubuhi, akaita kutoka mlangoni kabla ya kuingia, akataja na kazi yake kabisa, ni mi, fundi wa cherehani. Baba akatabasamu. Tabasamu ambalo mimi sikulipata. Mgeni alikuwa ameshika bakuli lililofunikwa kitambaa. Aliponiona akasalimia vizuri, akaniuliza hali ya Gitega, lakini bakuli hakulifunua, akaliacha mezani akasema atarudi. Nilipotoka kuchota maji na kurudi, bakuli halikuwepo.

Mito myeupe ilitoka wapi, nikawa nimeshapata jibu. Lakini kilichonimaliza ni ushungi. Nilikaa barazani nikamtazama akishona, amefunga ushungi wa kahawia, wa kila siku, una nyuzi nyuzi za kazini. Saa yake ya kwenda kwa baba ilipofika, akauvua ule ndani ya kibanda chake, akafunga mwingine mweupe, msafi, uliopigwa pasi, ndipo akavuka njia. Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Niambie, mwanamke anayebadilisha ushungi kuvuka njia tu kwenda kwa mgane, anakwenda kufanya nini?

Nikamtafuta fundi rangi, nikamkuta karibu na soko anakoroga rangi kwa kijiti. Nilimuuliza kwa upole, kana kwamba nataka na mimi kupakiwa. Alicheka, akasema yule mzee ana mambo. Alimfanya apake viraka vya rangi mbalimbali ukutani, kimoja cha maziwa, kimoja cha kijani, kimoja damu ya mzee, na kimoja bluu hiyo. Halafu mzee akawa anasimamisha kikombe cheupe mbele ya kila kiraka, anarudi nyuma, anaangalia, anasogea tena. Mwisho akasema hii, mpaka juu. Fundi alimwambia chumba kitakuwa giza, mzee akasema ndivyo anavyotaka. Nikauliza kama alikuwa peke yake. Hapana, alisema fundi, yule mama wa cherehani alikuwepo, ndiye aliyeshika kikombe.

Nilirudi nyumbani damu inachemka. Na nilipopita dirishani, Mungu akanionyesha nilichokuwa natafuta. Baba amekaa, kichwa kakilaza nyuma, macho juu. Yule mama ameinama juu yake, mkono mmoja umemshika kidevu. Ushungi mweupe unakaribia kugusa uso wa baba. Sikungoja kuona zaidi. Nilikwenda mpaka nyuma ya choo, kwenye yale mawe yao meupe, nikampigia kaka nikamwambia aje na gari kesho. Hakuniuliza mengi. Alisema tu, nilikwambia.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilimwambia baba nakwenda sokoni. Nikaenda kweli, lakini nilinunua nyanya tu nikarudi, kwa sababu nilitaka kumwambia habari ya gari kabla kaka hajafika. Niliona si haki ashtukizwe. Nikaingia kwa mlango wa jikoni. Baba alikuwa chumbani kwake, nikasikia anakohoa. Nikaenda sebuleni, nikakaa kwenye kiti changu kilicho ukutani, nikaweka mikono mapajani, nikawa napanga maneno.

Baba akaja. Akagusa fremu nyeupe ya mlango, akapita, akakaa kwenye kiti chake, uso kwa uso na mimi. Meza tu ndiyo ilikuwa katikati yetu. Nikamwangalia, akaangalia upande wangu, hakusema kitu. Nikafungua mdomo niseme baba, kesho ya nyumba hii imeshaamuliwa. Kabla sauti haijatoka, yule mama akaita mlangoni.

"Karibu," baba alisema. "Niko peke yangu."

Niko peke yangu! Mimi nimekaa mbele yake, namhesabia mikunjo ya shati. Yule mama akaingia na bakuli lake, na ushungi wake mweupe, akaniona papo hapo. Akasimama. Mimi nikamkazia macho bila kusema neno, nikasema leo mtajivua nguo wenyewe. Hakunisemesha. Alisimama tu pale, bakuli mkononi, anatuangalia sisi wawili, mimi na baba, baba na mimi.

Baba akaendelea. Alisema binti yangu ameenda sokoni. Alisema ana wasiwasi, huyu mtoto anakaa kimya mno, hajui saa ngapi yupo na saa ngapi hayupo. Majuzi nadhani niliongea na mto, alisema, akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. Halafu akaongea polepole.

"Bado hajajua. Akijua, kaka yake atanipakia kwenye gari siku hiyo hiyo. Na Gitega sijui hata ukuta mmoja. Gitega nitakuwa kipofu. Hapa bado naona."

Baba akapapasa meza, akakipata kikombe, akakishika tu.

"Namtafuta kila siku," alisema. "Nasikia sauti, nageuka, ukuta mtupu. Kaja kuniona, na mimi simwoni mtoto wangu."

Nilitazama mapaja yangu. Gauni jeusi, sweta nyeusi, mikono yangu yenyewe. Nyuma yangu ukuta. Nilikumbuka ugali mweupe kwenye sahani nyeupe, na ule mkono uliochota hewa. Nilikumbuka maziwa na kile kidole. Kila kitu nilichokihesabu kuwa ni cha mwanamke kilikaa mahali pake kimoja kimoja, na mimi nikiwa katikati, sionekani. Nilinyanyuka taratibu nikatoka kwa mlango wa jikoni. Kiti kililia kidogo. Baba aligeuza kichwa, na yule mama akasogeza bakuli kwa kelele mezani ili asisikie zaidi.

Yule mama alinikuta kwenye kibanda chake, nimekaa kwenye kigoda cha wateja, nalia kama mtoto. Aliweka bakuli juu ya cherehani akalifunua. Ndani kulikuwa na kichupa cha dawa ya macho ya matone na pamba. Mkono wa baba ulikuwa unaikosa shabaha, dawa inaishia shavuni, ndiyo maana yeye anamshika kidevu na kumtilia. Alisema baba alikwenda kwa daktari zamani, kabla hata mama hajafa, na mama alijua. Alipofariki, hiyo kazi ya matone ikawa haina mtu, ndipo yeye akaishika.

"Docteur alisema hii ugonjwa si ile ya kupasua," alisema. "Yenye imekwenda, imekwenda. Dawa iko inalinda yenye imebaki. Mi nilimwambia, mzee, hawa ni watoto yako, sema. Akakataa. Donc, basi, nikanyamaza."

Nikamuuliza habari ya rangi. Akasema ni akili ya mzee mwenyewe. Nyeupe ya mama ilikuwa inamwakia machoni, mlango na ukuta vinakuwa kitu kimoja, alishajigonga paji la uso. Akakumbuka darasa lake. Alimwambia kwamba mtoto wa nyuma kabisa alikuwa anasoma ubaoni kwa sababu ubao ni mweusi na chaki ni nyeupe, basi na yeye atajitengenezea ubao, akae ndani yake. Nilikaa katika darasa hilo miaka, mstari wa nyuma kabisa.

Nikamuuliza na ushungi, maana nilikuwa nimeshafika, sikutaka kubakiza. Hakukasirika. Alisema akienda na ule wa kahawia mzee anamuuliza mara mbili, mara tatu, we nani, na inamuuma kumuona anauliza. Akanishika sweta begani, akaivuta kidogo.

"Na we dada, tangu ufike, uko umevaa rangi ya ukuta."

Nilimpigia kaka pale pale. Alikuwa ameshapata gari, anasubiri esansi tu. Nikamwambia asije. Akaniuliza kama kuna mwanamke au hakuna, nikasema hakuna, ni rangi tu. Akaniuliza rangi gani hiyo ya kumfanya mtu mzima abadilike kwa usiku mmoja. Nikamwambia nitamweleza, lakini asichezee ile nyumba, asihamishe hata kigoda, na neno tulilokubaliana ni langu na nimelisema: baba anabaki. Akaguna, akakata simu. Najua alinuna. Siku alipokuja baadaye na kuona mwenyewe, alisimama sebuleni akishika ile swichi yenye mraba mweupe, akasahau kukaa.

Nilipomaliza na simu, yule mama alikuwa ameshafungua kabati lake. Akatoa kipande cha kitambaa cheupe, kilichobaki kwenye mito. Nilikishika muda. Nilikuwa nimeapa, na kuganduka bado, na wajomba wa Gasorwe wakinikuta nimefunga nyeupe watasema mpaka kanisani. Lakini mama ndiye aliyejua siri hii akaiacha mikononi mwa jirani, kwa sababu alijua sisi watoto tungekuwa na haraka ya kumfungasha baba. Sikuona kama angekasirika. Nilivua kitambaa cheusi, nikafunga kile cheupe kichwani, ncha zikashuka mabegani. Yule mama akanirekebisha ukingo kama anavyomrekebisha mteja, akasema nenda.

Nilivuka njia mpaka mlango wa mbele, nikapiga hodi, nikasema ni mimi. Baba akasema karibu, umerudi sokoni. Nikasema nimerudi. Nikaenda kukaa kwenye kiti kile kile, mgongo ukutani.

"Baba," nilisema, "nimeongea na kaka. Nimemwambia unabaki hapa."

Mkono wake ulibaki kwenye kikombe. Halafu akainua uso, macho yakaupita mto, yakaja taratibu, yakatua usoni kwangu, yakabaki hapo. Aliniangalia muda mrefu, machoni, kama alivyokuwa akitufanya mstarini.

"Kumbe umekonda hivi," alisema.